Pilipili Saba za Bibi

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mji wa Kale, mtu hakuruhusiwa kumsifu mwingine bila kusema mashallah. Bibi, mamake baba, alilisimamia jambo hilo kwa makini zaidi kuliko afisa wa forodha, na bila kudai stempu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nina umri wa miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimeshinda mbio za mita mia nane baina ya shule za kisiwani, na mwalimu akanipa fomu ya mashindano ya mkoa: nakala tatu, kila moja itiwe saini na baba. Baba alikuwa karani wa ghala huko Shimanzi, karibu na bandari, mtu aliyeziheshimu sana nakala tatu. Hizi lakini aliziacha juu ya kabati. Msichana mkubwa akimbie mbele ya wanaume, alisema, na ami zangu atawaeleza nini?

Jioni ile Bi Rukia, jirani yetu, alinitazama akasema nina miguu ya paa. Mashallah hakusema. Bibi akanivuta ndani, akanionya nisitoke mpaka kesho. Nilitoka. Sikufika mbali: nilitegua kifundo kwenye ngazi zetu wenyewe, kikavimba kama mkate wa boflo.

Baba aliona Mungu amekwisha kata shauri. Bibi aliona kijicho, jicho la husuda la asiyesema mashallah.

"Saidi, kibovu hakihusudiwi," alimwambia baba. "Mtoto amehusudiwa kwa kuwa anacho. Basi huzinguliwa kijicho kimtoke, hazuiliwi."

Wakakubaliana pilipili ziamue. Pilipili kavu saba na chumvi ya mawe huzungushwa kichwani mara saba, kisha hutupwa kwenye jiko la makaa. Watu wakipaliwa na moshi wakakohoa, hapana kijicho, mtu ameteguka tu. Wasipokohoa, ni kijicho, na moto umekila. Kikiwepo, baba atatia saini. Kisipokuwepo, fomu zitafungiwa maandazi.

Nilikaa kwenye kigoda, nimebana pumzi, Bibi akanizungushia pilipili mara saba. Baba alisimama mlangoni. Pilipili zikapasuka makaani, koo langu likawaka moto, nikameza mate. Nilipoinua macho nilimwona baba ameikaza midomo, macho mekundu, machozi yanamchuruzika mpaka ndevuni.

"Nani alokohoa?" Bibi akauliza.

Baba akatikisa kichwa. Kisha akatoka mbio, na huko kichochoroni nikasikia mtu anakohoa kama lori la Shimanzi linalokataa kuwaka. Bibi, ambaye aliweza kumsikia paka akinusa samaki jikoni hali yeye yuko darini, hakusikia kitu.

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kueleza sababu ya kuchelewa. Baba aliandika, "Mzigo ulikuwa ukikaguliwa," akatia saini mara tatu. Kifundo kilipona, nikakimbia na suruali ndefu na mtandio, nikawa wa nne.

Miaka mingi niliishukuru mikono ya Bibi. Ilinibidi niwe mzazi, na fomu za binti yangu ziwe mbele yangu, ndipo nielewe kwamba baba alikuwa akitafuta njia ya kukubali ambayo ami zangu wasingeweza kuibishia, na Bibi alikuwa amemfungulia njia hiyo.

Juzi nilimwuliza baba kama ni yeye aliyekohoa siku ile. Ni mzee sasa; akapapasa ndevu zake.

"Pilipili za siku zile," akasema, "hazikuwa na ukali wowote."

Nikamshukuru hivyo hivyo.