Redio ya Mama Haishiki Setilaiti

Mamangu aliamini kwamba hapa Dubai ninaosha magari. Hakusema kwa dharau, la. Aliwajua vijana wa kwetu waliokuja huku kulinda milango na kusukuma toroli, akaona na mimi nimeingia humo humo, ila naona haya kusema. Kila nikipiga simu aliniuliza, "Kama kweli bado wewe ni mtangazaji, mbona sikusikii?"

Kwa miaka saba kabla sijaja huku alinisikia kila asubuhi. Macho yake yalikuwa yameisha kwa sukari, na kile kiredio cha betri, kilichofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kilikaa kando ya mto wake. Saa kumi na mbili kamili nilikuwa mle ndani, kwenye FM ya mji wetu, nikisoma salamu za wasikilizaji na matangazo ya vifo. Na nilikuwa na mtindo wangu. Kwanza nilikohoa, kikohozi kikubwa cha mtu aliyelala na baridi ya milimani, halafu nikapaaza sauti: "Haya akina mama, chai jikoni!" Meneja aliuchukia mtindo huo kufa. Wasikilizaji waliupenda. Mama aliniambia sufuria yake haiendi motoni mpaka nikohoe.

Kisha ukaja wazimu wa setilaiti. Mzee mmoja wa Kizanzibari, ambaye familia yake imekaa Dubai tangu enzi za babu yake, alifungua redio ya Kiswahili ya kunaswa kwa dishi. Studio yake iko Al Ras, ghorofani juu ya duka la viungo, na hadi leo koti langu linanuka iliki. Aliponitafuta sikufikiri mara mbili. Niliona setilaiti ni FM iliyopandishwa cheo: kama mnara wetu mdogo unafika milima mitatu, basi redio inayotoka angani itafika kila mahali, hadi kwa mama. Jameni, ujinga! Mtangazaji mzima, na sikujiuliza mama atainasa kwa kitu gani. Setilaiti inataka dishi, king'amuzi, televisheni na umeme. Kwetu hakuna hata nguzo ya stima. Dada yangu mkubwa alipanda kilimani kutafuta intaneti, akafungua tovuti yetu, akanirekodi kwenye simu yake, akamrudia mama amsikilizishe. Mama alisikiliza kidogo akasema, "Hiyo ni simu. Kwa simu mtu anaweza kusema chochote."

Mzee alinifunza kazi upya. Ni mtu mpole, hajawahi kunifokea. "Mwanangu, huku juu hakuna asubuhi," aliniambia siku ya kwanza. "Mmoja anakusikiliza Muskati, mwengine London, mwengine anakwenda kulala. Sasa hiyo chai utamwekea nani? Na kikohozi chako kibakishe nyumbani." Kila nilipokohoa alikikata kikohozi kwenye kompyuta kwa mkono wake. Nikajifunza kukikata mwenyewe. Nikajifunza kusema Kiswahili kisicho na kwao, Mganda asikie, Mtanzania asikie, asiwepo wa kunishika na kabila langu. Baada ya mwaka, watu walituma ujumbe kuuliza kama mimi ni wa Unguja, nami nikawa nauonyesha ujumbe huo kwa wenzangu wa chumbani kule International City. Nilijisikia sana. Leo nikikumbuka naona aibu.

Siku moja dada akapiga simu analia. Hospitali ilikuwa imewarudisha, daktari amesema mama akapumzike nyumbani, na sote tulijua maana yake. "Anataka kitu kimoja," dada alisema. "Akusikie mara moja tu kwenye redio yake. Anasema asije akaenda akiwa na mawazo kwamba ulimdanganya."

Nikachanganyikiwa. Kusafiri haikuwezekana, pasipoti yangu ilikuwa imepelekwa kwa mambo ya viza, na kila nikiuliza naambiwa inshallah. Nikampigia mwenzangu aliyerithi kiti changu kule FM, nikamsihi kama mtu anayeomba maji. Akanipa dakika mbili za kesho yake saa kumi na mbili, mradi nimtumie rekodi kabla ya jioni. Lakini mkataba wangu ulinikataza kusikika redio nyingine yoyote. Nikaenda kwa mzee nikiwa nimeshajiandaa kupiga magoti. Wala hakuniachia nifike huko. "Miye nami nilikuwa na mama," alisema, akasimama kunifungulia mlango wa studio. "Ingia, mwanangu. Chukua muda wako."

Nilirekodi mara nne. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka. Mara ya pili kilio kilinikaba, kikanitoka kikohozi, kile kile, cha milimani. Nikakifuta. Aki nilikifuta bila hata kufikiri, mkono ulienda wenyewe. Ya tatu niliona nimeharakisha. Ya nne ilitoka safi, haina doa, namsalimu mama kwa maneno yaliyonyooka, "popote ulipo, ukiwa mzima wa afya." Nilimwambia hivyo mamangu aliyekuwa kitandani akingoja kufa. Nikaituma hiyo, nikarudi nyumbani nimefarijika kabisa.

Asubuhi yake, saa moja ya Dubai, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili, nilikuwa kwenye basi naelekea stesheni ya metro. Dada alishapiga simu na kuiweka karibu na kile kiredio. Nikasikia muziki wa kipindi, kisha nikasikia sauti yangu, imetoka Al Ras ikafika mlimani ikanirudia kwenye basi. Salamu zikaisha. Nikangoja.

Mama akasema, "Huyu anasoma vizuri. Ni mtu wa Pwani, eeh?" Kisha akamwambia dada, "Hebu zima, betri zisiishe. Tutawasha akija wangu."

Nilipiga kelele ndani ya basi, "Mama, ni mimi! Yule ni mimi!" Watu wakageuka. Dada akamsogezea simu sikioni.

"Najua wewe ni wewe," mama alisema, sauti imekwisha kabisa. "Mimi nasema yule wa redio." Akapumua kwa muda mrefu. "Usijisumbue tena, mwanangu. Kuosha magari si aibu."

Nilishuka kituo ambacho si changu. Nikampigia mwenzangu wa FM, nikamwomba dakika moja nyingine, nusu dakika, nitakohoa tu na kuita chai, basi. Akasema kesho, saa ile ile, ananiwekea. Nikamwambia dada amwambie mama avumilie hadi kesho. Mama hakufika hata saa sita ya mchana.

Jioni mwenzangu alinipigia tena. Familia ilikuwa imepeleka tangazo la kifo redioni, na ile nafasi yangu ya asubuhi ilikuwa bado ipo. "Nilisome mimi," aliuliza kwa upole, "au utalisoma mwenyewe?"

Sikwenda studio. Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu, katikati ya viatu vya wapangaji, nikashika simu nikalisoma pale pale. Nililia kabla sijaanza, nikakohoa, na Kiswahili cha Al Ras hakikunijia hata neno moja. Nilisema kama ninavyosema nyumbani. Sikufuta kitu, na sikusikiliza kabla ya kutuma.

Asubuhi nilikuwa kwenye simu na dada tangazo likirushwa. Nilisikia kikohozi changu, halafu kelele za watu waliolala matangani, na mwanamke mmoja akiita wenzake, "Ni yeye! Ni yule wetu, amerudi!" Kabla sijafika kwenye jina la mama, walikuwa wameshaweka sufuria motoni.