Nilisema Wanakaa Bure

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba kambini Uganda, na kalamu huenda polepole mkononi mwangu. Nikikosea herufi, soma kwa sauti, utanielewa.

Kosa ni langu. Wengine wana sehemu yao, lakini mdomo uliosema ulikuwa wangu.

Mimi ni msichana wa chai katika hoteli ya makontena karibu na mto, hapa Juba. Tangu mkataba wa amani utiwe saini, wageni hawakatiki, wengi wao Wakenya wa benki na mashirika. Mimi ni mwoga wa kuongea. Nikiulizwa jambo, natazama sakafu.

Mama yangu alifia kambini. Dada yake, mama mdogo Poni, ndiye aliyenilea. Tuliporudi nyumbani alianza kuponda kokoto chini ya mlima na wanawake wengine watano. Wanawasha moto juu ya jiwe kubwa mpaka lipasuke, kisha wanakaa na nyundo.

Meneja wetu, Mkenya, alitaka kubomoa makontena ajenge ghorofa. Nikajikaza nikamwambia kuna wanawake wana kokoto nzuri. Sikumwambia mmoja wao ni nani kwangu. Hotelini niliwahi kusema watu wangu wana duka mtaa wa New Site. Duka hilo halipo.

"Wajaze malori matatu," Meneja akasema. "Baada ya wiki tatu, Jumatatu, nitakwenda kuangalia. Nikiridhika, wataendelea mpaka jengo liishe."

Ghorofa nzima. Kwa wale wanawake sita hiyo ilikuwa kazi ya mwaka. Waliponda wiki tatu bila kupumzika isipokuwa siku ya kanisa. Ijumaa wakamaliza.

Jumamosi ndipo alipokuja mwandishi wa gazeti kutoka Nairobi, gazeti la Kiswahili ambalo Wakenya wa hapa husoma likishuka na ndege. Alianza na Meneja, kwenye kiti kando ya mto.

"Bosi, vaa koti. Halafu shika karatasi."

"Karatasi gani?"

"Yoyote."

"Na joto hili?"

"Joto halionekani kwenye picha, bosi."

Tulicheka wote. Meneja akashika orodha ya vyakula vya hoteli.

Kisha mwandishi akasema, "Sasa nataka watu wa chini. Nani anajua Kiarabu cha hapa?" Meneja akanionyesha kwa kidole. Tukapanda boda boda, nikampeleka kwa wale wanawake wa kokoto.

Tuliwakuta wameketi juu ya malundo yao, wameoga, nguo safi. Mama mdogo alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kanisani, maana alidhani labda Meneja atatangulia kuja. Rafiki yake Mama Keji, ambaye hawezi kunyamaza, akaniuliza, "Huyu ndiye mnunuzi? Mbona hana tumbo?"

"Si yeye," nikasema.

"Nilijua. Mnunuzi hawezi kuwa mwembamba hivi."

Mwandishi akafungua daftari. "Waulize wanafanya nini hapa."

Nikauliza. Mama mdogo akajibu, "Anina gaid sakit."

Ndugu msomaji, hapa Juba kila mtu anajibu hivyo. Hata mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo, duka limejaa mpaka mlangoni, ukimuuliza habari atakwambia ana gaid sakit. Maana yake tumekaa tu, tupo, hakuna baya. Ni adabu. Mgeni akifika hujisifii kazi yako kabla hajanywa maji. Lakini hiyo "sakit" sisi tuliokulia Uganda tumezoea kuisema "bure".

"Wanasema wanakaa bure," nikamwambia.

"Bure? Yaani hawana kazi?" Kalamu ilikuwa tayari inakwenda.

Hapo nilijua nimekosea. Kusahihisha kulihitaji maneno mengi, na njiani alikuwa amenisifu kwamba Kiswahili changu ni kizuri. Tena ningeanza kueleza, angeniuliza nimejuaje mambo ya wanawake hawa, na ningelazimika kusema mimi ni mtoto wa nani.

"Ndiyo," nikasema.

Akatoa kamera. "Yule wa viatu, mwambie avue. Na nyundo ziondolewe, zinaharibu picha."

Nikamgeukia mama mdogo. "Anasema viatu vyako ni vizuri mno, vitaingia vumbi. Viweke kando."

"Kumbe ana adabu," akasema, akavivua. Mama Keji akazipeleka nyundo nyuma ya jiwe.

Mwandishi akapiga picha. Kisha akaniuliza, "Huyu mama unamfahamu?"

"Hapana. Namwona tu sokoni."

Mama mdogo alikuwa ananitabasamia. Kiswahili chake ni cha kuomba maji tu.

Jumatatu gazeti likafika asubuhi. Meneja alikuwa anakunywa chai, koti la kwenda kwenye kokoto liko mgongoni mwa kiti. Nilisimama nyuma yake na birika. Juu ya ukurasa alikuwapo yeye, jina lake lote na cheo, mwekezaji anayepanga Juba ya kesho. Chini yake mama mdogo, miguu mitupu juu ya mawe. Hakuwa na jina. Waliandika mwanamke mmoja, na kwamba yeye na wenzake wanakaa bure wakingoja misaada. Misaada hakuna aliyeitaja pale.

Siku ile sikuona, lakini nimeutazama ukurasa huo mara nyingi tangu hapo. Kwenye picha zote mbili mtu ameketi. Mmoja ameandikwa kwamba anapanga, mwingine kwamba anangoja. Na yule aliyekuwa amemaliza kazi siku hiyo ni mama mdogo.

"We, njoo mbele," Meneja akasema. "Si hawa ndio ulioniambia?"

"Ndiyo, bosi."

"Wenyewe wanasema wanakaa bure. Mimi niwaachie msingi wa ghorofa watu wa namna hii?"

Akainua macho, akanitazama vizuri. Si mtu mbaya. Aliningoja.

"Ama gazeti limekosea?"

Aliniuliza mimi. Birika lilikuwa linanichoma kupitia kitambaa. Neno moja lingetosha, na mlango alikuwa ameufungua mwenyewe.

Nikatazama sakafu. "Sijui, bosi."

"Haya. Mimina chai."

Akachukua simu, akampigia mtu wa mtaa wa Sherikat mwenye mashine ya kusaga mawe. Kufikia saa tisa malori yalikuwa yanamwaga kokoto uani kwetu.

Wale wanawake walingoja mpaka jua likazama. Kesho yake kijana wa boda boda aliyesoma Kenya akawasomea ukurasa wote.

Nilikwenda Jumatano na sukari. Mama mdogo hakuigusa.

"Siku ile mimi nilisema nini?" akaniuliza.

"Ulisema anina gaid sakit."

"Na wewe ukasema nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya viatu. Nikamwambia na lile la mwisho, kwamba nilisema simfahamu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaleta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa khanga yake, akaniletea maji kwenye ile glasi ya wageni. Mimi nimekunywa kwenye kikombe chake tangu nikiwa mtoto.

"Kunywa, mgeni," akasema.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Meneja nikamweleza yote. "Ungesema nilipokuuliza," akaniambia. "Mwenye mashine nimeshamlipa mpaka jengo liishe." Wawili kati ya wale sita wamevuka kurudi Uganda. Mama mdogo bado anaponda, na mimi kila Jumapili nakwenda kukaa kwenye kiti cha wageni.

Wewe unayetafsiri maneno ya watu, ukikosea, sema hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Na ukiulizwa mtu wako, mtaje.

Nawaomba mniandikie kupitia ukurasa huu. Kama kuna aliyewahi kumkana mtu aliyemlea, kisha akapokelewa tena, aniambie alianza kwa kusema nini. Nitasoma polepole, lakini nitasoma kila barua.