Lampu Niliyoitambua Hotelini

Katika Gisenyi ya miaka ile ya hamsini, mtu mwenye diploma ya ufundi wa redio alikuwa mmoja tu, na ndiye mimi. Niliipata Dar es Salaam kwa kubeba mizigo mchana na kusoma jioni. Hakuna mjomba aliyenilipia. Niliporudi, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi cherehani, alinipa nafasi ya kufanyia kazi barazani kwake. Nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Hoteli ya kando ya ziwa ilikuwa na redio kubwa iliyonyamaza. Meneja, Mbelgiji, aliahidi kwamba atakayeifufua atakabidhiwa redio zote za hoteli. Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote, maana ingewafunga midomo waliosema diploma ya Tanganyika hailiwi. Niliifungua nikaona kilichokufa: lampu ya kutoa sauti, aina ya EL41. Lampu, kwa wasiojua, ni zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani ya redio. Madukani haikuwepo, si Gisenyi wala Goma.

Lakini nilikuwa na sanduku la lampu kuukuu nililonunua kwa mlowezi mmoja wa Bugeshi aliyekuwa anarudi Ulaya. Mpishi wake, kwa kutaka zipendeze, alizisugua zote kwa majivu kama alivyozoea kusugua glasi za mvinyo. Ziling'aa kweli, na maandishi yakaenda na majivu. Na lampu za aina ile zina umbo moja, miguu minane kila moja, na zote huingia katika tundu lile lile. Ukichomeka isiyo yake unaunguza redio.

Nikazishika moja moja na kuzipulizia pumzi. Mvuke unapokaa juu ya kioo, wakati mwingine maandishi yaliyofutika hurudi kidogo kabla haujakauka.

"Shemeji, unaisoma ao unaibusu?" aliuliza shemeji, mguu kwenye cherehani.

"Naisoma."

"Aa! Dada yangu iko na wake-wenza sanduku muzima, na hajue!"

Tulicheka. Nyingi hazikutoa hata herufi, kwa hiyo nikatazama matumbo yao. Moja ilikuwa na kibati cheusi kipana, cha lampu inayobeba kazi nzito, na pumzi ikaniletea 41 hafifu. Nikaikariri kama uso wa mtu: doa la fedha kichwani limelalia upande, na ndani kijisahani cha ulanga, yale madini membamba ya kumetameta, kimemeguka ukingoni. Nilimweleza shemeji yote hayo kwa furaha, nikaihifadhi katika kopo lake la vifungo, mbele ya macho yake.

Asubuhi kopo lilikuwa na vifungo tu.

"Pengine panya," alisema.

"Panya gani anakula kioo?"

"Panya ya Gisenyi iko na meno, shemeji."

Nilikwenda hotelini kumwomba meneja anisubiri. Nikaikuta redio inaimba. Pembeni alisimama fundi mmoja wa Goma, mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa la redio, anafuta mikono. Niliomba izimwe, nikangoja lampu ipoe, nikaichomoa. Ilikuwa imeandikwa namba mpya kwa rangi nyeupe. Nikaipulizia. Kando ya rangi likajitokeza lile 41 langu. Doa limelalia upande. Ulanga umemeguka.

"Bwana, lampu hii ni yangu."

"Lampu zote zinafanana," alisema yule wa Goma.

Nikamweleza meneja alama zote, na katika mji ule hakuna ambaye angeeleza vizuri zaidi.

"Bon, ni yako," alisema meneja. "Atakulipa lampu. Lakini redio inasema, na yeye ndiye aliisemesha. Donc kazi ni yake."

Niliporudi barazani, shemeji alikuwa anashona kitambaa cheupe: makoti ya maboi wa hoteli. Kazi hiyo alikuwa ameililia tangu zamani. Yule wa Goma ndiye aliyemwombea.

"Ni wewe uliyempa."

Hakuinua kichwa. "Shemeji, we iko na diploma. Utapata ingine. Mi niko na hii mashine tu."

Nikaanza kukusanya vyombo vyangu. Meza ilikuwa nzito, peke yangu sikuweza. Akasimamisha cherehani, akaja, akashika upande wa pili bila kuombwa. Tuliibeba hadi ng'ambo ya soko, yeye mbele mimi nyuma, watu wakitusifu njiani kwamba hivi ndivyo mashemeji wanavyopaswa kuwa, naye akiwashukuru kwa niaba yetu wawili.