Vishikwambi Themanini

Wanafunzi walimwita Mwalimu Rula, na jina hilo lilimfuata hadi sokoni. Asingepita mbele ya meza za nyanya bila mama mmoja kusema, "Rula, karibu." Hakuwa mwalimu wa kuchapa viboko. Jina lilitokana na tabia yake ya kupima kila kitu. Akiona darasa halijaelewa eneo la mstatili, aliwatoa wote nje wakapime kwa kamba ukuta wa ofisi ya mkuu wa shule, mkuu mwenyewe akiwa ndani anakunywa chai, na hakuwaruhusu kurudi mpaka kila mmoja apate jibu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na minne kati ya hiyo aliimaliza kwenye chaki, na chaki nayo ilikuwa inammaliza. Vidole vya mkono wake wa kulia vilipasukapasuka, na kila vumbi lilipozidi alikohoa hadi machozi yakamtoka.

Siku vishikwambi themanini vilipoletwa shuleni na mradi mmoja wa elimu, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Walimu wenzake walinuna, wakisema ni mzigo mwingine huo. Rula alichukua kimoja, akakaa nacho jioni nzima kwenye benchi la nje, akibonyeza. Ndani yake mlikuwa na masomo yote ya hesabu kuanzia darasa la tatu, michoro inayosogea, na mazoezi yanayomwonyesha mtoto pale hasa alipoteleza.

"Kitu hiki kina subira kunishinda mimi," alimwambia rafiki yake.

Rafiki huyo alifundisha hesabu mkondo wa pili wa darasa la saba. Waliitana Jirani, kwa kuwa madarasa yao yalitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na mara nyingine mmoja akiuliza swali, jibu lilitoka kwa wanafunzi wa upande wa pili.

Raha ile ilidumu wiki mbili. Mtoto mmoja aliteleza sakafuni, kishikwambi kikaanguka, kioo kikapata ufa. Mkuu wa shule akauandikia mradi kutoa taarifa. Jibu likaja kwa barua yenye muhuri: kuanzia siku hiyo, mkuu wa shule angewajibika yeye binafsi kwa kila kifaa kitakachoharibika.

Mkuu alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Aliisoma barua ile amesimama, na alipomaliza akaketi, akaitia sahihi. Kesho yake akaagiza kabati la chuma, lenye nondo mbele na kufuli tatu. Aliyelitengeneza alikuwa mume wa Rula, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta. Alilifanya kwa moyo wote. Lilipowekwa stoo aliligonga kwa ngumi na kusema, "Hili hata mimi mwenyewe silifungui."

Vishikwambi vikaingia. Vikawa vinatoka siku za wageni tu, watoto wanavishika, wanapigwa picha, vinarudi.

Rula na Jirani wakarudi kwenye ubao. Kila mmoja alikuwa na watoto sabini, na vitabu vilikuwa tisa kwa kila darasa. Walipoona hali ni hiyo, walikubaliana kuanza kufundisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kengele. Hakuna aliyewaagiza. Walifanya hivyo miaka miwili, mvua na jua, na Jirani mwaka mmojawapo alikuwa mjamzito, akifundisha ameegemea meza.

Ijumaa moja asubuhi Rula alipita karibu na stoo kutafuta chaki. Akasikia mtu anafundisha sehemu. Sauti nzuri, ya taratibu: "Tuna chungwa moja. Tukiligawa mara nne..." Kisha akasikia sauti nyingine inasema maneno yaleyale, imechelewa kidogo. Kisha nyingine, na nyingine. Akasukuma mlango.

Milango ya kabati ilikuwa wazi. Vishikwambi themanini vilikuwa vimepangwa rafu kwa rafu, nyaya zikining'inia, vyote vimewashwa, vyote vinagawanya chungwa. Chumbani hamkuwa na mtu isipokuwa karani wa shule, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anashona kifungo.

"Hii ni nini?" Rula aliuliza.

"Saa za matumizi, mwalimu," karani alijibu bila wasiwasi. "Mfumo unahesabu. Tusipofikisha saa, mradi unapiga simu. Kwa hiyo kila Ijumaa navifungulia masomo tangu asubuhi hadi mchana. Namba tano kinasumbua, lazima nikiguse kila baada ya muda, la sivyo kinalala."

Rula aligeuka mlangoni. Upande wa pili wa uwanja watoto wake wanane walikuwa wanagombea kitabu kimoja. Damu ikampanda hadi masikioni. Akaenda moja kwa moja ofisini, hakubisha hodi.

"Mkuu, unafundisha rafu?"

Mkuu alijua mara moja anaulizwa nini. Akashusha sauti. "Mwalimu, nakuomba. Wewe hujatia sahihi ile barua. Nimetia mimi. Nimebakiza mwaka mmoja na miezi minane. Niache nimalize salama."

"Na watoto nao wamalize vipi?"

"Si unawafundisha? Unawafundisha vizuri mno."

Alimvika kilemba cha ukoka, na aibu ni kwamba Rula alikikubali. Alimwonea huruma mzee yule, akarudi darasani bila kumripoti kokote, na kosa hilo hakujisamehe.

Matokeo ya mwaka ule yalipotoka, shule nzima ilipiga vigelegele. Miaka miwili nyuma, katika kila watoto mia waliofanya mtihani wa hesabu, thelathini na mmoja ndio walifaulu. Sasa walifaulu hamsini na wanane. Jirani alilia. Rula alihesabu mara tatu ndipo akaamini.

Mwezi mmoja baadaye wakaja watu wa mradi, na maturubai, na kipaza sauti. Aliyesoma ripoti alikuwa binti mmoja mtaratibu, ofisa wa takwimu, aliyevaa viatu vipya vilivyokuwa vinambana. Alisema shule hii imekuwa mfano. Alisema saa za matumizi ya vishikwambi ni za juu kuliko shule zote za wilaya, na ufaulu umepanda sambamba nazo. Watu wakapiga makofi. Kisha akaendelea kwa sauti ileile: kwa kuwa vifaa vimethibitisha vinaweza kuziba pengo la walimu, mwalimu mmoja wa hesabu, yule wa mkondo wa pili, atahamishiwa shule nyingine yenye uhaba, kuanzia muhula ujao.

Rula alimgeukia Jirani. Jirani alikuwa anatazama miguu yake.

Hakusubiri kupewa nafasi. Alisimama katikati ya viti.

"Mwanangu," alimwambia ofisa yule, "hivyo vishikwambi vyako havijafundisha mtoto hata mmoja hapa. Vimefungiwa stoo miaka miwili. Ijumaa vinawashwa, vinaongea vyenyewe, vinazimwa. Hizo ndizo saa zako. Aliyewafundisha watoto hawa ni huyu hapa mnayemhamisha, aliyekuwa anasimama ubaoni na tumbo la miezi minane, saa kumi na mbili na nusu, ninyi mmelala!"

Turubai likasikika likipigwa na upepo. Ofisa alimtazama mkuu wa shule. Mkuu akachukua kipaza sauti.

"Mwalimu wetu ana uchungu wa kuachana na mwenzake," alisema. "Tunamwelewa. Tunaomba radhi, wageni wetu."

Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Keki ikakatwa. Rula alitoka, akaenda kusimama nyuma ya vyoo mpaka magari yalipoondoka, maana alijua akimwona mtu anatafuna atamfanya kitu.

Jirani aliondoka na sanduku lake la vitabu na mtoto mgongoni. Muhula ukaanza. Ukuta kati ya madarasa mawili haukuweza kuondolewa, kwa hiyo watoto wote wakasombwa chumba kimoja: mia moja na arobaini. Wengine walikaa sakafuni, wengine dirishani, miguu nje. Rula akisahihisha daftari za Jumatatu, anamaliza Alhamisi. Sauti ilimkauka wiki ya pili.

Nyumbani alimwambia mumewe, "Nataka ulikate lile kabati."

Fundi akaacha kula. "Mwalimu," alisema, maana hata nyumbani hakumwita jina jingine, "lile kabati ni kazi yangu. Nimelitengeneza lisifunguke, leo unaniambia nilifungue? Watu watasema nini, fundi anavunja alichokijenga?"

"Waseme."

"Muombe mkuu funguo."

"Nimemwomba mara nne. Anazilalia."

Fundi alikataa, wakalala wamepeana migongo. Ijumaa ya wiki hiyo alipeleka shuleni dawati alilokuwa amelichomelea mguu. Akaufungua mlango wa darasa la mkewe ili aliingize, lakini halikuingia. Hapakuwa na pa kuliweka. Alisimama mlangoni amelikumbatia, akamtazama mkewe akifundisha kwa sauti iliyobaki kama ya kunong'ona, na watoto wa nyuma wakitazama mdomo wake, wakibahatisha. Kutoka stoo, ng'ambo ya uwanja, ilisikika sauti nzuri na ya taratibu. Aliliweka dawati chini ya mti, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi, gwaride likiendelea, fundi aliingia getini na grenda yake, ile mashine ya kukatia chuma, na waya mrefu mabegani. Karani alipoelewa kinachotokea, alichomoa birika lake la chai ukutani ili apishe waya.

Cheche ziliruka. Kufuli ya kwanza ikaanguka, ya pili, mkuu akatokea anakimbia, tai imepinda.

"Mnafanya nini? Mtanimwagia unga! Mnaniachisha kazi!"

Rula akamkabidhi karatasi. Alikuwa ameiandika usiku wa jana yake: yeye, mwalimu wa hesabu, anapokea vifaa themanini, na atawajibika kwa kila kimoja. Sahihi yake ilikuwa chini, nzito hadi imetoboa karatasi. Mkuu aliisoma. Akaisoma tena. Pumzi ikamshuka, uso ukalegea, akaikunja taratibu na kuitia mfuko wa shati. Kisha akarudi ofisini, akafunga mlango.

Hapo ndipo Rula alipokasirika kuliko siku zote. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kuona mtu anafurahi.

Katika vile themanini, ishirini na kimoja vilikuwa vimekufa, betri zimevimba kwa kuchajiwa bila kushikwa. Vilivyobaki alivigawa, watoto wawili au watatu kwa kimoja. Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Wengi walikuwa wanabonyeza jibu lolote mpaka wapatie, akalazimika kuwaamuru waandike kwanza daftarini. Vinne vilipasuka vioo mwezi wa kwanza. Lakini kuna msichana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye Rula hakumbuki kama aliwahi kumsikia sauti, aliyegunduliwa anafanya mazoezi ya darasa la tatu, ameficha kioo kwa mkono.

"Mbona huku?" Rula alimwuliza.

"Hapa ndipo nilipoachwa, mwalimu," msichana alinong'ona.

Rula akamwacha hapohapo. Baada ya wiki tano alikuwa amefika mazoezi ya darasa la sita, anasonga mwenyewe.

Muhula ulipofika katikati aliitwa ofisi ya elimu. Walikaa watu watatu upande mmoja wa meza, na mmoja wao alikuwa ofisa wa takwimu, sasa kavaa malapa.

"Ulikuwa na kibali cha kuvunja?" aliuliza mwenyekiti.

"Sikuwa nacho."

"Na unajua umeleta hasara? Takwimu zinaonyesha tangu uvunje kabati, saa za matumizi zimeshuka zaidi ya nusu."

Rula alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka chenyewe, kikali, hadi karani wa ofisi ile akachungulia kutoka nje.

"Zimeshuka kwa sababu sasa vinatumika! Mtoto akichoka anaweka chini. Rafu haichoki. Njooni mkae darasani kwangu siku moja tu, muhesabu vichwa. Hamhitaji mfumo. Mna macho."

Ofisa wa takwimu aliandika kitu, akakikata. Mwenyekiti akasema ombi hilo litafikiriwa. Alipewa onyo la maandishi. Mkuu wa shule hakuulizwa chochote, na mwaka uliofuata alistaafu kwa hotuba na zawadi ya saa ya ukutani.

Matokeo ya mwaka wa watoto mia na arobaini yalikuwa hamsini na wanne kwa mia. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha angevua kofia. Ripoti ya mradi ilisema ufaulu umeshuka kutokana na kupungua kwa saa za matumizi, na ikashauri kila shule iwe na kabati imara zaidi.

Rula aliisoma amesimama kwenye veranda. Akaomba karatasi kwa karani, akaketi palepale kwenye ngazi, akaandika: majina mia na arobaini, kila mtoto alianzia wapi na aliishia wapi, tarehe Jirani alipohamishwa, na vifaa vingapi viliharibikia rafuni kwa kulinganisha na mikononi mwa watoto. Chini aliomba jambo moja, mwalimu wa pili wa hesabu. Alipeleka nakala tatu katika ofisi tatu.

Hawajamjibu. Kila mwisho wa mwezi anaandika nyingine, ndefu kuliko iliyotangulia na isiyo na salamu. Ya saba aliipeleka Jumatano, kwa mkono wake, akasimama kaunta mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa.