Neno la Kiajemi kwa Mjukuu Wangu

Haijanitoka siku ile, mwanangu: Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, mwaka jana, nilipotoka kwangu Riruta kwenda Muthangari kumwona mjukuu wangu Wairimu. Binti yangu Nyambura ameolewa na Mwajemi. Wairimu ni msichana wao wa pili, na kwa desturi yetu sisi Wakikuyu, msichana wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Basi mtoto yule ni mimi. Lakini alijua Kiajemi na Kiingereza tu, nami sikujua hata kimoja. Sikuwa na neno hata moja la kumwambia likamfikia.

Ndiyo maana tangu Januari nilikuwa nikihudhuria darasa la Kiajemi katikati ya jiji, kila Jumamosi. Vijana walinicheka. "Shosho, umepata mchumba Mwajemi?" aliuliza mmoja.

"Nimepata mjukuu," nikamjibu. "Na wewe nyamaza, mwalimu anaandika."

Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa tayari mjane mwenye watoto wawili, ningeogopa herufi mpya?

Siku ile, sebuleni kwa Nyambura, nilichukua kalamu ya rangi nikachora duara. "Dayere," nikasema. Mtoto akanikodolea macho, kisha akacheka, akapanda mapajani pangu. "Dayere!" akarudia, akanirudishia kalamu nichore jingine.

Nyambura akatoka jikoni. "Mama, tafadhali. Hilo neno hulitamki vizuri. Atakuja kuongea hivyo mbele ya watu wa baba yake."

"Basi mfundishe Kikuyu, nami nitaacha."

"Kikuyu cha nini, Mama? Atakitumia wapi?"

Akamshusha mtoto mapajani pangu, akamwashia katuni. Nilikunywa chai yangu hadi mwisho, kwa kuwa sikutaka aone nimeumia, kisha nikaaga. Sijaalikwa tena, nami sijabisha hodi.

Mwanangu, sikusimulii haya ili umchukie binti yangu; hasira yangu inatosha. Nakwambia kwa sababu nawe utazaa. Ukimpa mtoto jina la mzee, mpe pia maneno ya kuzungumza na mzee huyo angali hai. Na mzee akimjia mtoto wako kwa ulimi unaokwama, mwache akosee. Matamshi ya mtoto yatarekebishwa shuleni. Mimi nina miaka sabini na mitatu.

Mungu akujalie uzee wenye wajukuu wanaokuelewa, na akuepushe na kimya hiki ninachoishi nacho.