Paa la Nesi

"Tangu nimefika nalala kwenye kitanda cha kuzalia, mama, halafu mnauliza kwa nini nimenuna," nesi alimwambia Balbina, mmoja wa wanakijiji, huku akisugua mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kama afanyavyo kila mara. Serikali ilimsomesha aje kuhudumia kijiji cha Masagati, nacho kijiji kiliahidi kumwezekea nyumba, kila kaya mzigo mmoja wa nyasi. Kuta zilisimama, paa hakuna. "Manesi wenzako waliokutangulia wote walimaliza muda wao wakaenda kupanda treni Mlimba," Balbina alijibu. "Tumwezekee nani, popo?" Nesi alikunja mdomo, akaendelea kunawa.

Mzazi akifika, nesi hubeba godoro lake bila kuambiwa, akalitandika barazani mwa zahanati. Siku Levina, mkwe wa Balbina, alipojifungua, mvua ilinyesha ya upepo. Balbina alimkuta nesi amejifunika godoro kichwani, miguu majini, akiita kupitia dirisha, "Levina, mnyonyeshe kwanza, usilale." Hasira zilimpanda Balbina, na safari hii si kwa nesi. Asubuhi alimbwagia miguuni mzigo wa nyasi alizoweka kwa ajili ya paa la jiko lake mwenyewe. "Deni langu hilo. Sasa nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na sibanduki mlangoni kwake mpaka alipe lake." Nesi akauburuta mzigo mpaka kwenye nyumba yake, kisha akarudi kunawa.