Risasi Inasimama Wapi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kusukuma mkaa kwa mkokoteni Lodwar, na leo nina duka la jumla Kakuma. Wenye digrii huja kwangu kukopa sukari. Kwa hiyo wezi walipokata mabati ya ukuta wakabeba magunia ya unga, mke wangu na watoto wamejibanza chumba cha nyuma, mimi sikulia. Nilisema nanunua bunduki, tena kwa leseni, mchana kweupe.

Bunduki nilikuwa siijui. Nikamwita shemeji yangu, mfugaji wa Namoruputh, polisi wa akiba ambaye hulala na silaha ya serikali ubavuni.

"Ejok, tajiri," akanisalimu kwa Kiturkana. "Usituletee aibu na bastola. Hiyo ni ya kutishia kuku. Chukua ndefu, mwizi aanguke akiwa bado mbali."

Nilimwelewa. Kwetu bunduki husifiwa kwa kufika mbali, maana adui wa mifugo yuko ng'ambo ya mto mkavu. Nikaenda Lodwar kuomba leseni ya bunduki ndefu.

Kabla ya kuitoa, polisi wakamtuma afisa aone nyumba. Msichana, umri wa binti yangu. Akakagua sanduku la chuma la kufungia silaha, akaridhika. Kisha akagonga ukuta kwa kidole.

"Mzee, hii ni mabati tupu?"

"Mabati mazito. Si ya kila mtu."

"Watoto wanalala wapi?"

Mke wangu akaonyesha kwa mdomo: "Nyuma ya hayo hayo."

"Na upande huu?"

"Mama Mkongo, fundi wa nguo. Tumepakana."

"Basi ukimkosa mwizi, umepiga watoto wako ama umepiga Mama. Hata usipomkosa, huenda risasi ikapita. Mzee, utachagua nani?"

Nimekaa na watu wa bunduki tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza risasi inasimama wapi. Msiseme nilishangaa. Nilikuwa nafikiri.

Kesho yake nikaondoa ombi langu, nikasema najenga kuta za mawe. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Eti mwanamume anajificha ndani ya mawe kama kobe!"

"Kobe huzeeka, shemeji. Hesabu wenye bunduki uliowazika, halafu uje unicheke."

Nikaleta mafundi. Kuta za mawe pande zote nne, madirisha ya nondo, mlango wa chuma wenye makomeo matatu. Soko zima lilinisema, na bado linanisema, waseme. Juzi asubuhi nimekuta mlango umekwaruzwa kwa mtaimbo, mtu amehangaika hapo akachoka akaenda zake. Ndani watoto walikuwa wanagombania mandazi, hawajui lolote.

Mawe, saruji, nondo, mlango na mafundi: shilingi laki nne, elfu kumi na mbili, mia sita na hamsini. Nimelipa zote.